Hesabu ya Jumapili

Kuna ushauri ambao mkazi wa Dar es Salaam huusikia kila upande: kwenye vipindi vya redio, kwenye mahubiri, kwenye semina za maofisini. Ikifika Ijumaa jioni, mambo ya wiki yaache kazini. Usiwaze kodi, usiwaze ada, zima simu, kaa na familia. Ni ushauri wa nia njema, na kwa mwenye mshahara wa uhakika unatekelezeka. Ukiupeleka Manzese, Tandika au Mbagala unakwama, na haukwami kwa sababu watu wa huko hawajui kustarehe. Unakwama kwa sababu unayafanya mapumziko kuwa shughuli ya moyo wa mtu mmoja, kana kwamba anayewaza fedha Jumapili amekosa tu nidhamu ya kuacha kuziwaza. Historia ya Kinondoni na Temeke inatoa ushahidi mwingine. Kwa muda unaokaribia miaka mia moja, siku ya kupumzika katika maeneo haya imekuwa salama pale tu ambapo fedha ya siku hiyo ilikuwa imekwishatafutwa au kulipwa kwa mapatano ya watu wengi: chama, mwajiri, sheria, kikundi cha ngoma. Mapatano hayo yalipovunjika, wikiendi ilivunjika nayo, na hakuna aliyeirudisha kwa kujikaza.

Tuanzie bandarini, maana ndiko mji huu ulikojifunza kazi ya ujira. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya wapakizi na wapakuzi wa meli Dar es Salaam walikuwa vibarua wa siku. Meli ikiingia watu wanaitwa, ikiondoka hakuna kazi. Maofisa wa Kiingereza walilalamika kwamba kibarua akishapata kinachomtosha haonekani kesho yake, na jina walilolipa jambo hilo lilikuwa uvivu. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyeichunguza bandari ya Mombasa, alikuta malalamiko yaleyale huko, akafukua kilichokuwa chini yake: kibarua alichagua siku zake mwenyewe kwa sababu hakuitegemea bandari peke yake. Alikuwa na ndugu, na wengine walikuwa na shamba au biashara ndogo. Hali ya Dar es Salaam haikuwa mbali na hiyo, kwani Wazaramo, waliokuwa kundi kubwa kuliko yote mjini, walikuwa na mashamba yao nje kidogo ya mji na hawakuwa wamekata mguu huko. Mapumziko ya kibarua huyo hayakuwa na siku maalumu. Yalitoka kwenye mhogo wa shambani, na mwajiri aliyechukia kuyaona alijua vizuri kwamba mwenye mhogo hatishiki kwa njaa.

Jumapili yenyewe iliingia mjini pamoja na ofisi. Mji wenye Waislamu wengi ulikuwa na Ijumaa yake na swala ya adhuhuri, na hakuna aliyeuliza wenyeji wangependa siku gani milango ifungwe. Ila watu waliipokea wakaijaza. Ngoma ya mjini ilihitaji kibali cha serikali, hivyo hata furaha ilipitia mezani kwa karani. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoanzia miji ya pwani ya Kenya na kusambaa hadi Dar es Salaam na bara, vilikuwa na sare, vyeo, gwaride na mashindano. Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975, na jambo moja analolionyesha ni kwamba chama cha beni hakikuwa cha kucheza tu. Wanachama walichanga, wakasaidiana ugenini, wakazikana. Mtu aliyecheza Jumapili akiwa amevaa sare alikuwa ameshalipia mchezo huo kwa michango, na pia alikuwa amelipia sanda yake. Hofu kubwa ya mgeni mjini, kufa bila wa kumzika, ilikuwa imeshapewa jibu kabla ngoma haijaanza kulia. Vyama vya makabila vya miaka ya 1930, kama kile cha Wazaramo, viliendeleza kazi hiyohiyo bila tarumbeta.

Hatua iliyofuata ilipatikana kwa migomo. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo ulioanzia gatini ulipanda reli ukaenda nao hadi bara. John Iliffe, aliyeandika historia yao, anaonyesha jinsi watu waliochukuliwa kuwa umati wa vibarua walivyogeuka kuwa wafanyakazi wanaojitambua. Mishahara ilipanda sana baada ya 1947, na utaratibu wa vibarua wa kupita ukaanza kutoa nafasi kwa wafanyakazi walioandikishwa. Chama chao kilifutwa baada ya mgomo na vurugu za 1950, lakini kilichopatikana hakikufutika chote. Hapa pana mabadilishano ambayo mara nyingi hupitwa haraka. Kibarua aliachia uhuru wa kuchagua siku zake, akapata badala yake wiki yenye umbo: siku za kazi zinazojulikana, malipo yanayojulikana, na siku ya mwisho ambayo hakuna anayemwita. Ndiyo wikiendi. Haikushuka kutoka Ulaya ikiwa imefungwa vizuri kwenye sanduku.

Miaka hiyohiyo ndiyo ambayo maeneo tunayoyazungumza yalipata sura. Serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika Magomeni na Temeke kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na mji uliokuwa na watu wapatao 69,000 mwaka 1948 ulikaribia 129,000 mwaka 1957. J. A. K. Leslie aliufanyia mji huo utafiti mwaka 1956 na 1957, na kitabu chake kikatoka 1963. Nyumba anazozieleza bado zipo: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, baraza mbele, na kila chumba na mpangaji wake. Katika nyumba ya namna hii mapumziko hayawezi kuwa ya faragha. Chumba ni cha kulala. Siku ya mapumziko ipo barazani, kwenye bao na kahawa, au uani ambako wanawake wanasukana. Anayetuambia tukae ndani na familia zetu Jumapili anafikiria nyumba yenye sebule.

Baada ya uhuru, serikali mpya iliweka sheria zake za kazi kwa kasi. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi, na kima cha chini cha mshahara kikapandishwa. Mwaka 1964 zikafuata sheria ya usalama wa ajira, iliyombana mwajiri asimfukuze mtu kwa hasira za asubuhi, na Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Ukizisoma kama mwanasheria, hizi ni sheria nne tofauti. Ukizisoma kutoka barazani Temeke, zote zinajibu maswali yanayomnyima mtu usingizi Jumamosi usiku: nikifukuzwa je, nikizeeka je, mwezi ujao utakuwa na kiasi gani. Mwaka huohuo wa 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, serikali ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na kuunda chama kimoja cha taifa, NUTA. Na NUTA, pamoja na ofisi na makato ya kila mwezi, ikawa na bendi. NUTA Jazz ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Serikali iliwanyang'anya wafanyakazi mgomo, ikawapa dansi. Maneno hayo ni makali, lakini hayako mbali na ukweli, na yeyote anayesifu dansi la zama hizo inampasa ayameze yote mawili.

Dansi lenyewe lilikuwa la kweli. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, na polisi na majeshi yalikuwa na zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri wa teksi, ikahamia Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lenye kumbi Kariakoo, Magomeni Kondoa na kwingineko. Vyombo vilikuwa mali ya shirika na wanamuziki walipokea mshahara. Mpiga gitaa hakupanda jukwaani Jumamosi akihesabu vichwa ili ajue kama kesho atakula. Na aliyekuwa sakafuni alikuwa ametoka kazini saa za mchana, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa nusu siku, akapita nyumbani akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi ya mkaa, bugaluu na raizoni, akatoka akijua kiingilio ni kiasi gani na kwamba Jumatatu kiwanda kitafunguliwa. Vijana wa TANU waliweza kumsumbua njiani kwa ajili ya mavazi hayo, hasa tangu Operesheni Vijana ya 1968 na 1969. Wasiwasi wake mwingine ulikuwa na mipaka.

Hapa msomaji makini atasema kwamba hii ni historia ya wanaume wachache. Ni pingamizi lenye uzito. Wenye mishahara walikuwa sehemu tu ya mji, na karibu wote walikuwa wanaume. Mwanamke wa Magomeni hakuwa na nusu siku. Jumapili pilau ilipikwa na mtu, na kiwanda chake hakikuwa na king'ora cha kufungia. Lakini ukitazama wanawake walipata wapi muda wao, hoja inapata nguvu zaidi. Walikuwa na lelemama na ngoma nyingine zenye viongozi, sare na michango, na walikuwa na upatu. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wa Dar es Salaam alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya namna hiyo, akarudi na maelfu ya wanachama ndani ya miezi michache. Susan Geiger amelieleza jambo hili kwa kina katika utafiti wake juu ya wanawake wa TANU. Chama cha siasa kisingeweza kuvuna watu wengi hivyo kwa haraka kama starehe ya wanawake ingekuwa jambo la kila mmoja na chumba chake. Ilikuwa imepangwa, ina hazina na ina daftari. Mwanamke aliweza kuondoka nyumbani alasiri kwa sababu kikundi kilimdai, na deni la kikundi mume hakulipinga kirahisi kama ambavyo angepinga hamu ya mke wake peke yake.

Kisha mishahara ikaanguka. Vita na Uganda mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, viwanda visivyo na vipuri, foleni za sukari na sabuni: habari hizi zinajulikana. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, Manzese na Buguruni zikiwemo, alionyesha kuwa thamani halisi ya mshahara ilishuka kwa karibu asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Familia hazikufa njaa, kwa sababu zilianzisha miradi: kufuga kuku, kukaanga maandazi na vitumbua, kuuza barafu, kushona nguo. Mshahara ukawa kisingizio cha kuwa mjini. Pesa ya kula ilitoka kwingine, na sehemu kubwa ya kwingine huko ilikuwa mikononi mwa wanawake na watoto. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, na miaka ishirini baadaye hapakuwa na mwalimu wala karani aliyeweza kuishi kwa mshahara mmoja. Dola iliendelea kuuona mradi kama ukaidi. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwasaka wasio na kazi inayotambulika ili warudishwe mashambani, na waliosakwa walikuwa haohao waliofanya kazi nyingi kuliko wote.

Mwaka wa kuanguka kwa wikiendi haupo, lakini namna ilivyoanguka inaonekana. Mradi hauna nusu siku. Maandazi yanataka kukandwa alfajiri ya Jumapili kama ya Jumatano, na kuku hajui Pasaka. Wakati huohuo dola, bila kukusudia, iliitunza Jumapili kwa sababu isiyohusiana kabisa na kupumzika: kuokoa mafuta, magari binafsi yalizuiwa kuwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wenye magari walibaki majumbani. Barabara za mji zikawa za watembea kwa miguu na wacheza mpira. Sitaki kuifanya amri hiyo iwe ya hekima, kwa kuwa ilizaliwa na ufukara, lakini inafundisha kwamba siku ya mapumziko inakuwa ya kweli pale kila mtu anapozuiwa pamoja. Anayefunga duka peke yake Jumapili humpa jirani wateja wake. Wakifunga wote, hakuna anayepoteza.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko barabarani. Daladala zilihalalishwa mwaka 1983, baada ya shirika la usafiri la UDA kushindwa kubeba mji. Matteo Rizzo, aliyewafuatilia wafanyakazi wa daladala kwa miaka mingi, anaeleza kuwa karibu wote waliokuwa ndani ya magari hawakuwa wenye magari. Walikuwa watu wasio na mkataba wala mshahara, wanaofanya kazi saa zinazokaribia 15 kwa siku na karibu kila siku ya wiki. Kinachowaendesha ni hesabu: kiasi ambacho dereva anatakiwa kumpa tajiri, yaani mwenye gari, jioni, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Baada ya hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho chake na kondakta. Siku ambayo hakufanya kazi hakuna kinachobaki, na tajiri anaweza kumpa mwingine gari. Ndiyo maana akatokea deiwaka. Huyu ni kijana aliyekaa kituoni Mwenge au Temeke mwisho wa gari, anayepewa usukani au kazi ya kukusanya nauli kwa saa kadhaa ili mwenyewe ale, alale kidogo, au aende msibani. Dereva anakata sehemu ya pato lake dogo kumlipa mtu ambaye hana hata hilo. Mji mzima wenye watu zaidi ya milioni 5, kwa sensa ya 2022, husafirishwa kwa mpango ambao mapumziko ya dereva hununuliwa na dereva mwenyewe, kwa saa, kutoka kwa maskini mwenzake.

Bodaboda na bajaji zimeongeza jambo jipya. Katika mapatano mengi, tajiri hupokea hesabu siku sita, na Jumapili ni ya dereva: akitaka alale, akitaka atoke barabarani na chochote atakachopata ni chake. Kwa karatasi, hii ni siku ya mapumziko. Kwa vitendo ni siku pekee ambayo jasho lake lote linabaki mfukoni, kwa hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo angekubali kulala. Siwezi kumlaumu. Ila tuone kilichotokea: siku ileile iliyopiganiwa gatini mwaka 1947 iwe siku ya kutoitwa kazini imegeuzwa kuwa malipo. Dereva anapewa Jumapili mahali pa mshahara.

Kuna watakaosema kwamba mbona watu wanastarehe kuliko zamani. Tazama Kinondoni Jumamosi usiku, tazama Mango Garden na Leaders Club zilivyojaa siku za bendi ya Twanga Pepeta, TCC Club ya Chang'ombe, Equator Grill ya Mtoni, na sasa singeli inayotikisa vibanda vya Manzese na Tandale hadi majirani wanakwenda kushitaki. Ni kweli, na mimi si katika wanaoona kwamba muziki umekufa na kizazi cha bugaluu. Lakini angalia jinsi starehe hiyo inavyolipiwa. Bendi ya leo si ya chama cha wafanyakazi, ni ya mfanyabiashara, na mwanamuziki anaimba majina ya wafadhili ili atunzwe. Shughuli ya mtaani imekuwa na msururu: kikao cha kwanza, kikao cha pili, kitchen party, sendofu, harusi, na kila hatua na kadi yake ya mchango na sare yake ya kushona. Mwenye ndugu na wafanyakazi wenzake wengi anaweza kuwa na kadi tatu kwa mwezi. Kikao chenyewe hufanyika Jumapili jioni, mweka hazina anasoma majina ya waliolipa na ya walioahidi, na aliyeahidi anatazama chini. Mchango wa zamani ulikuwa wa kuondoa wasiwasi, kwa kuwa uliwekwa kwa ajili ya msiba au ngoma itakayokuja, na kiwango chake kilipimwa kwa mifuko ya wanachama. Mchango wa harusi ya leo mara nyingi hupimwa kwa ukubwa wa ukumbi. Umbo ni lilelile, ila mchango umeacha kulinda na umeanza kudai.

Hata hivyo kuna kikoba. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Temeke na Kinondoni vimeenea kila mtaa, hukutana mara nyingi wikiendi, na mtu angeweza kusema kwamba navyo vimeleta hesabu ndani ya Jumapili. Nadhani hapana, au si kwa namna ileile. Mama anayenunua hisa zake mbele ya wenzake thelathini anazungumza fedha kwa saa mbili kisha anaacha, kwa sababu sanduku limefungwa na funguo zake zimegawanywa. Kilicho hatari zaidi ni mikopo inayoitwa kausha damu, yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, na sasa mikopo ya kwenye simu, ambayo haisubiri Jumatatu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na wakopaji walikuwa wamelalamika kudhalilishwa kwa ujumbe unaotumwa kwa ndugu na marafiki. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia Jumapili saa nne asubuhi, ushauri wa kuacha mawazo kazini unakuwa mzaha. Na kuzima simu hakusaidii, maana ujumbe tayari umeshamfikia shemeji.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa sana na watu wa sheria: ulinzi upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na malipo mara mbili kwa atakayefanya kazi siku hiyo. Ni sheria nzuri, na mlinzi wa kampuni ya Chang'ombe anayeijua anaweza kuitumia. Lakini imejengwa juu ya mwajiri anayeonekana. Dereva wa bodaboda hana mwajiri, ana tajiri. Muuza mitumba wa Tandika hana hata tajiri, ana msambazaji wa mabelo. Kuwaambia wajilipe mara mbili Jumapili ni kuwadhihaki. Mwaka 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na faida zake kwa soko zinaeleweka, ila mjadala ulihusu zaidi taa, ulinzi na usafiri. Suala la nani atapumzika siku ipi, na nani atailipia siku hiyo, halikupewa nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo anayetaka kweli kulinda wikiendi ya watu wa Temeke aiache mioyo yao na ashughulike na mapatano. Madereva wa daladala waliwahi kuanzisha chama chao, UWAMADAR, wakadai jambo ambalo wengi waliliona dogo: mkataba wa maandishi. Halikuwa dogo. Mkataba wenye mshahara unaiondoa hesabu mabegani mwa dereva na kuirudisha kwa mwenye gari, na siku moja ya mapumziko inakuwa gharama ya biashara kama matairi. Wenye magari watasema faida haitoshi, na huenda kwa baadhi ni kweli. Lakini nauli za daladala hupangwa na mamlaka, zamani SUMATRA na sasa LATRA, na katika kupanga huko hupimwa mafuta, vipuri na uchakavu wa gari. Mapumziko ya dereva, pamoja na mshahara halali wa deiwaka anayemshikia siku hiyo, yanaweza kuingizwa katika hesabu hiyohiyo na kugawanywa kwa abiria wote wa wiki nzima. Nauli itapanda kidogo, abiria wa Mbagala atalalamika, na atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini mapumziko ya mwingine yatoke mfukoni mwake. Jibu ni kwamba hata sasa anayalipia, kila anapopanda gari linaloendeshwa na mtu aliye katika saa yake ya 14.